Kumtafutia Binti sekondari: shajara ya mradi

Siku ya 1

Nimeamua kuandika hii kama shajara ya mradi maana kazini ndo ninavyoishi, kila kitu kina jedwali, kina tarehe, kina safu ya "nani anahusika", na nikiyaacha haya mambo kichwani tu nitasahau nani kaniambia nini, afu nitajikuta dakika za mwisho nachagua shule kwa sababu nimechoka kutafuta. Binti (nitamwita hivyo humu, jina lake libaki lake) ana miaka 12, ana usonji (autism), na anamaliza msingi mwaka huu.

Kinachonitisha sio masomo. Msingi alikuwa na mwalimu mmoja wa darasa, chumba kimoja, kiti kilekile karibu na dirisha, msumari uleule wa kutundikia begi. Sekondari nimehesabu kwenye ratiba ya shule moja niliyopewa: vipindi 8 kwa siku, walimu 11 kwa wiki, na karibu kila kipindi unahama chumba, kwa hiyo ni kama mara 40 kwa wiki kengele inalia, watoto mia kadhaa wanamwagika kwenye korido kwa pamoja, na wewe una dakika chache za kufika pengine palipo tofauti kwa mwanga, kwa harufu na kwa mwalimu. Kwa mtoto mwingine hiyo ni nafasi ya kupiga stori. Kwa Binti ni kazi ngumu kuliko hesabu anayokwenda kusoma huko.

Jedwali la kwanza limekamilika. Shule 9. Safu: matokeo ya mitihani, umbali, ada, idadi ya watoto darasani, kuna mwalimu wa elimu maalum au hakuna, maabara, maktaba. Nimeweka na rangi. Nikamwonyesha mama yake kwa fahari kabisa, akaangalia muda mrefu afu akauliza, "Choo kiko wapi humu?"

Sikumwelewa. Akanikumbusha: Binti haendi choo shuleni. Hajawahi kwenda toka ile mashine ya kukaushia mikono ilipofungwa, ile inayonguruma, maana mtu mwingine akiiwasha yeye akiwa ndani anakwama mle hatoki. Kwa hiyo anakaa hanywi maji toka asubuhi mpaka anarudi nyumbani, anatupa begi mlangoni na kukimbilia chooni. Mi hili nalijua, nalishuhudia kila siku, na halikunijia hata kidogo nilipokuwa napanga rangi za jedwali.

Nimeongeza safu ya choo.

Siku ya 6

Shule ya kwanza niliyoongea nao wanataka ripoti ya tathmini. Tunayo, kurasa 14, iliandikwa akiwa na miaka 7. Nimeisoma tena usiku na yaani nimekasirika nayo, sio kwamba ina uongo, ila huyo mtoto aliyeandikwa mle simjui. Kila mstari ni anashindwa hiki, hana kile, yuko chini ya kiwango kwenye kingine. Fomu ya shule nayo ina kisanduku cha "Asperger" (jina la zamani la aina moja ya usonji) na kisanduku kingine cha "usonji", uweke tiki kimoja. Hiyo fomu imepitwa na wakati, DSM-5, ule mwongozo wa utambuzi wanaoutumia madaktari wa akili Marekani na kwingineko, ulishaunganisha yote hayo kuwa kitu kimoja mwaka 2013, na mwaka huohuo ndo ukaingiza rasmi kwenye vigezo suala la hisi, yaani sauti, mwanga, mguso kumzidi mtu au kumpita bila yeye kuhisi. Nimeweka tiki kwenye usonji na kisanduku kingine nimekichora mstari.

Shida nyingine ni kwamba Binti anaonekana "mzima". Mwalimu mmoja wa msingi aliwahi kuniambia, baba, huyu mbona ananiangalia machoni vizuri tu? Nikamuuliza Binti jioni, akasema, "Naangalia nyusi." Alijifundisha mwenyewe. Anaigiza siku nzima, anacheka wenzake wakicheka, ananyoosha mkono pale inapotakiwa, afu anafika nyumbani anavua viatu na hapo ndo siku yake inaanza kulipwa: anajifunika blanketi zito saa nzima, ukimgusa analia. Walimu hawaioni hiyo saa. Kwa wasichana hii ni hadithi ya zamani sana, Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, alipoandika ile makala yake ya 1943 kuhusu usonji watoto walikuwa 11, wavulana 8, wasichana 3, na picha iliyobaki vichwani mwa watu mpaka leo ni ya mtoto wa kiume anayepanga vigari mstari.

Badala ya kurasa 14 nimeandika ukurasa mmoja. Anachopenda: makufuli na funguo, aina zote, anajua kufuli lina pini ngapi kwa kusikiliza tu. Anachoweza: kusoma haraka, hesabu, kukumbuka. Kinachomchosha: kengele, watu kuongea kwa pamoja, kubadilishiwa ratiba bila kuambiwa. Dalili kwamba anaelekea kufurika, yaani kuzidiwa mpaka ashindwe kujizuia: nimeiacha wazi kwanza, nataka kuona nani atauliza.

Siku ya 15

Simu. Shule 9. Mbili hazipokei kabisa. Moja walisema nafasi zimejaa, na walisema hivyo baada ya kusikia neno usonji, kabla ya hapo walikuwa wananieleza habari za sare. Siandiki jina.

Moja, mkuu mwenyewe alipokea, mtu mstaarabu tu, akaniambia kwa sauti ya kunionea huruma: "Mzazi, sitakudanganya, hatujawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo hapa." Nikamuuliza mna wanafunzi wangapi. Kama 900. Sasa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwa takwimu za 2021 kwamba mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Piga hesabu, kwenye 900 ni kama 7. Sio lazima wawe 7 kamili kwenye shule yako, lakini sufuri? Kwa miaka yote hiyo? Kumbe wapo, wamekaa nyuma wanaitwa wavivu au wana kiburi au wapole mno, au walikuwepo wakaacha. Sikumwambia yote hayo, nilisema tu asante mwalimu, ila nilikata simu nikakaa nawaza wale 7.

Zimebaki 5 za kutembelea.

Siku ya 23

Ya kwanza, nitaiita shule A, ile iliyokuwa juu kwenye jedwali. Matokeo mazuri, maabara inang'aa, vikombe vimejaa kabati zima pale mapokezi. Mkuu akanitembeza katikati ya kipindi, korido tupu, kimya, unasikia chaki. Nikawa najisemea hapahapa, mradi umekwisha.

Nikauliza mnafanyaje kwa watoto wenye mahitaji maalum, akasema, "Sisi hapa tunawatendea wote sawa." Alisema kwa fahari na najua nia yake ilikuwa njema, lakini hilo sentensi limenikaa vibaya mpaka sasahivi. Kuwapa wote viatu saizi moja nako ni kutendea sawa. Akaongeza kwamba wana mwalimu wa ushauri ambaye atamfundisha Binti "kuchangamana". Upande mmoja tu ndo ujifunze. Kuna mtafiti, Damian Milton, mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kunatoka pande zote mbili, yaani yule asiye na usonji naye hamsomi mwenzake, ila hakuna anayempeleka kwa mwalimu wa ushauri. Nilitaka kulisema hilo, nikaona sio mahali pake.

Kilichonisaidia ni ajali. Nikasahau kitambulisho mapokezi, nikarudi, mhusika hayupo, nikaambiwa nisubiri kwenye benchi pale koridoni. Kengele ikalia. Sio kengele, ni king'ora, kimefungwa juu ya kichwa cha benchi, niliruka kabisa mtu mzima mimi. Milango kama 12 ikafunguka kwa wakati mmoja. Zile kuta ni vigae juu mpaka chini kwa hiyo kila sauti inarudi mara mbili, mtu anaita mwenzake toka mwisho wa korido, mpira unadundishwa, mtoto mmoja kabinywa ukutani na begi la mwenzake wala hakuna aliyeona. Sekunde labda 90 nikawa natafuta mlango wa kutokea. Na hakukuwa na mwalimu hata mmoja, wote walikuwa wameingia ofisini kwao.

Nilichotembezwa ni shule ikiwa imelala.

Siku ya 24

Badiliko kwenye mradi: ziara zote kuanzia sasa zinaanza dakika 10 kabla ya mapumziko na zinaisha baada ya kengele ya kurudi darasani. Nikiambiwa "njoo saa ambayo watoto wako darasani ndo kuna utulivu" nasema asante, nitakuja mapumziko. Nimefuta safu ya maabara.

Siku ya 38

Mbili kwa pamoja maana ziko karibu na zimenichanganya.

Shule B ina kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida. Kwenye karatasi ndo kila kitu, elimu jumuishi, bango limeandikwa getini. Kitengo chenyewe ni chumba kizuri kwa kweli, mapazia, kona ya kutulia, ratiba ya picha ukutani, walimu wawili wenye moyo. Ila nilikaa mapumziko yote na hakuna mtoto wa kitengo aliyetoka wala wa nje aliyeingia. Wanasoma mle, wanakula mle, wanatoka siku ya michezo tu. Nikauliza mtoto akitaka kusoma hesabu na darasa la kawaida? "Inawezekana, ila bado haijatokea." Kitengo kina miaka kadhaa. Jumuishi gani hiyo.

Shule D ni shule maalum kabisa, na hapa nataka niwe mkweli maana niliingia na dharau. Nilikuwa na wazo kwamba shule maalum ni mahali unapompeleka mtoto ukishakata tamaa. Nilikuta darasa la watoto 8, taa sio zile ndefu zinazopepesa, ni za mwanga wa njano, hakuna kengele, mwalimu anainua kadi ya rangi na watoto wanajua kipindi kinabadilika. Kijana mmoja mkubwa wa miaka 15 hivi haongei, anatumia tableti, anagusa picha na tableti inaongea, aligusa akaniambia "karibu" afu akagusa tena "ondoka", na mwalimu akamjibu kwa heshima, sawa, mgeni ataondoka baada ya dakika 2, akaweka saa ya mchanga mezani. Na niliondoka baada ya dakika 2. Pale ndo nimeona mtu anasikilizwa.

Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanae aliniambia walijaribu sekondari ya kawaida mwaka mzima, mtoto akaanza kujing'ata mikono, hapa ameacha. Kwa yule mtoto ile ni shule sahihi na wala hahitaji mtu kama mimi kumwonea huruma. Shida kwa Binti ni kwamba hawafikishi kwenye mitihani anayoitaka, masomo yanaishia nusu njia, na yeye mwenyewe ameshasema anataka kusoma uhandisi, kufuli zile za elektroniki. Mkuu wa pale ndo alinishauri vizuri kuliko wote: akaniambia usiulize shule ya aina gani, chukua kila kitu ulichokipenda hapa, kiandike, afu kawaulize wale wengine kipi wanaweza kukifanya na kipi hawawezi, na wakujibu kwa maandishi.

Nimeandika. Kadi za rangi, mwanga, saa ya mchanga, kuambiwa kabla, mtu mmoja wa kumwendea.

Siku ya 45

Hakuna maendeleo. Tumegombana na mama yake kuhusu kumsomesha nyumbani. Yeye anaona miaka 6 ya msingi ya kuigiza inatosha, apumzike. Mi naona akikaa nyumbani na sisi wawili tu dunia yake itakuwa sebule. Wote tuna hoja na wote tulisema maneno ya kuudhi. Nimeweka kusoma nyumbani kwenye jedwali kama mstari wa 10, iwe mpango rasmi na sio tishio la kurushiana usiku.

Siku ya 52

Shule C. Ilikuwa ya 7 kwenye jedwali la kwanza, matokeo ya kati, majengo ya zamani, hakuna kitengo, hakuna mwalimu aliyesomea elimu maalum moja kwa moja. Nilikwenda kwa kuwa nilishaahidi.

Makamu mkuu, mwalimu mama mtu mzima, alisoma ule ukurasa wangu mmoja palepale mbele yangu, polepole, akarudia sehemu. Afu akauliza: "Akianza kuchoka, kabla hajafurika, tutajuaje?"

Ndo wa kwanza. Shule 4, mkuu baada ya mkuu, wote waliuliza "akifanya fujo tunamdhibiti vipi", huyu ndo wa kwanza kuuliza kabla yake kuna nini. Nikamwambia: anakuwa na adabu kupita kiasi. Anaanza kusema asante, samahani, asante, kwa kila kitu, hata kiti akikigusa anakiomba samahani, sauti inapanda juu kidogo, na vidole vya mkono wa kushoto vinakunjwa ndani ya mkono wa sweta. Ukiona hivyo una kama dakika 10. Mwalimu yeyote asiyejua atafikiri siku hiyo mtoto ana nidhamu ya ajabu. Mwalimu makamu akaandika pembeni ya karatasi: "asante nyingi = mtoe". Maneno matatu na alama ya hesabu, na mimi nikawa naangalia dirishani kidogo maana macho.

Mapumziko yao ni kelele kama kwingine, sitadanganya, na kengele yao ni mbaya pia. Tofauti niliyoiona: maktaba inabaki wazi mapumziko yote na ina watu ndani, watoto kama 15, wawili wanacheza drafti bila kuongea. Walimu wawili wanasimama kwenye pembe mbili za korido kengele inapolia. Na wana kadi ya kutoka dakika 5 kabla ya kengele, iliyoanza kwa ajili ya mwanafunzi mmoja wa magongo, ikabaki. Nikauliza inaweza kutumika kwa mtoto anayetembea vizuri tu? Akasema kadi haijaandikwa magongo.

Choo: mashine ipo. Ile ile.

Siku ya 60

Nimegundua kitu cha aibu. Siku 60, shule 5 zimetembelewa, simu sijui ngapi, na sijamuuliza Binti. Nilikuwa namlinda na wasiwasi, ndo nilivyojiambia.

Kumuuliza "unataka shule ya namna gani" haisaidii, swali pana hivyo linamfungia. Nikakata kadi 24, kila moja kitu kimoja, na mafungu matatu mezani: lazima, ingekuwa vizuri, sijali. Akapanga kwa dakika 6 bila kuniangalia.

Lazima: kujua choo kilipo na kwamba kiko kimya. Kujua jina la mtu mmoja wa kumwambia. Kutoitwa mbele ya darasa bila kuambiwa jana yake. Shati lisilo na lebo shingoni. Kupewa ratiba iliyoandikwa, na ikibadilika iandikwe.

Sijali: maabara, vikombe, jengo jipya, safari za shule, na "walimu wanaotabasamu". Hii ya mwisho nikamuuliza, akasema mtu anayetabasamu muda wote huwezi kujua amekasirika saa ngapi.

Kadi ya "marafiki" aliishika muda. Akaiweka ingekuwa vizuri, afu akachukua kalamu akaongeza kwa mkono wake: mmoja.

Kadi ya "karibu na nyumbani", ambayo mimi niliipa alama nyingi kuliko zote kwenye jedwali, kaitupa sijali. Anapenda basi. Kiti cha nyuma ya dereva, hedifoni masikioni, dakika 40 hakuna anayemuongelesha. Mi nilikuwa naihesabu hiyo kama adhabu.

Siku ya 71

Binti kaenda shule C. Kabla ya kwenda nilimtengenezea karatasi ya picha: geti, mapokezi, korido, maktaba, mlango wa kutokea, na chini nikaandika tutakaa dakika 45, unaweza kusema tuondoke wakati wowote na sitakuuliza kwa nini.

Dakika 20 za kwanza nzuri kuliko nilivyoomba. Pale mapokezi kuna mzee anayeshika funguo za shule nzima, kafunga mkungu mkubwa kiunoni, na Binti aliusikia kabla ya kuuona. Akamwendea moja kwa moja, bila salamu (nikajikunja), akamuuliza una funguo ngapi. Yule mzee hakucheka wala hakumwambia "shikamoo iko wapi". Akasema sijawahi kuzihesabu mwanangu, hebu tuhesabu. Wakahesabu. 41. Binti akamwonyesha mbili kwamba zinafungua kufuli moja, zimechongwa sawa, na mzee akaenda kujaribu mlangoni, kweli zinafungua, alikuwa anatembea na nakala miaka yote hajui.

Najua jinsi hii inavyosomeka na nimejionya mwenyewe hapa kwenye shajara: hatuchagui shule kwa sababu ya mzee wa funguo. Anaweza kustaafu kesho.

Afu ikaharibika. Walikuwa wanajaribu king'ora cha moto, hakuna aliyetuambia, hata makamu mkuu alikuwa kasahau. Binti akazima. Kuna kufurika na kuna kuzima, kuzima ndo kunakosahaulika maana hakuna kelele: akakaa chini palepale koridoni, mgongo ukutani, macho wazi, haongei, haonekani kusikia. Nilikuwa na yale mawazo ya mzazi, basi, ndo imekwisha, na hii nayo imeondoka.

Mwalimu makamu akaja. Nilimwangalia kama mtahiniwa. Hakumshika. Hakusema "pole, usijali, ni king'ora tu", wala hakumuita jina mara kumi. Aliwageuza watoto wawili waliokuwa wanakuja, kwa ishara ya mkono, akazima taa ya ile sehemu, akakaa chini sakafuni hatua kama 3 hivi pembeni, sio mbele yake. Akaandika kwenye karatasi akaisukuma: "Kimekwisha. Hakitalia tena leo. Ni kosa langu." Dakika kama 25 zikapita. Mguu wa mwalimu ulikufa ganzi nikamuona anaubadilisha taratibu. Mwisho Binti akachukua kalamu akaandika chini yake: "Kinalia lini tena?"

Akajibiwa kwa tarehe na saa. Sio "usiwe na wasiwasi". Tarehe na saa.

Kwenye basi kurudi hakuongea. Usiku akaja chumbani akasema, "Baba, waliandika kosa lao." Akaenda kulala.

Siku ya 74

Mama yake amekubali shule C iingie kama chaguo la kwanza, kwa sharti: kusoma nyumbani kunabaki mstari wa 2, na tunakaa kuangalia upya baada ya wiki 6 za kwanza, sio mwisho wa mwaka. Nimekubali. Shule A walituma barua kwamba nafasi ipo "endapo mzazi atahakikisha mtoto hatasumbua utulivu wa darasa". Imewekwa kwenye faili.

Siku ya 88

Kikao cha makubaliano. Huu ndo ushauri wangu mkubwa kwa yeyote anayeanza mradi kama huu: mwalimu mwenye moyo anahama, anaumwa, anapandishwa cheo, karatasi inabaki. Kila tulichoongea kimeandikwa, nani atafanya, kuanzia lini, na tarehe ya kuangalia tena. Nilikwenda nimejiandaa kupigana, nimebeba hadi Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 24, kile kinachosema mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake ndani ya mfumo wa kawaida wa elimu. Sikuutoa kwenye begi. Ila kuwa nao kulininyoosha mgongo, na kwingine ningeuhitaji.

Waliyokubali: kadi ya kutoka dakika 5 kabla. Hedifoni ruksa kila mahali isipokuwa mwalimu anapofundisha, na hapo ruksa viziba masikio. Ratiba iliyoandikwa, mabadiliko kuandikwa kabla ya siku kuanza. Kutoitwa ubaoni bila taarifa. Maktaba mapumziko. Kazi za vikundi, kikundi cha watu 3 mwisho na kila mtu apewe kazi yake kwa jina, maana "jadilianeni" kwake sio maelekezo. Muda wa ziada na chumba kidogo kwenye mitihani waombe mapema, sio mwaka wa mtihani. Shati tutakata lebo wenyewe.

Waliyokataa: king'ora cha vipindi. Hakibadiliki, kiko kwenye mfumo wa shule nzima. Wameahidi kutomweka darasa lililo chini ya spika. Nilibishana nusu saa nikashindwa, nimeandika kwamba nimeshindwa.

Choo kilituchukua muda kuliko mitihani. Kuzima mashine haiwezekani, watoto 600 wanaitumia. Kumruhusu choo cha walimu, mwalimu mmoja alipinga, eti wengine watauliza kwa nini yeye. Makamu akamwambia wakiuliza tutawajibu. Kuna choo kimoja kidogo nyuma ya maktaba kinafungwa, kina taulo za karatasi tu. Tatizo ufunguo ni mmoja.

Mzee wa funguo aliitwa kikaoni. Akasema huo sio mmoja, yule binti aliniambia ni miwili. Akauchomoa mmoja kwenye mkungu akauweka mezani.

Siku ya 103

Ziara ya pili shuleni, watoto wakiwa likizo, kaenda na kamera akapiga picha milango yote anayoihitaji, kachora ramani yake. Kufuli la choo analijua kwa jina la kiwanda, kalikagua, anasema limechakaa na litakwama kabla ya mwaka kuisha. Nimemtaarifu mzee, ameagiza jingine.

Yaliyobaki: walimu 11 wote wapate ule ukurasa mmoja, wamethibitisha 10. Wa michezo hajajibu. Hedifoni ya pili ya akiba. Kumjulisha dereva wa basi kile kiti. Wiki 6 za kwanza zimewekwa kwenye kalenda, tarehe ya kikao ipo.

Mwalimu wa michezo nitampigia Jumatatu.